Mukwava, Kinjeketile, Kimathi au Harakati: tamthilia gani ya ukombozi kwa jukwaa la Nyanda za Juu Kusini?

Sikukuu ya Uhuru ikikaribia, vikundi vya sanaa vya Iringa, Njombe na Mbeya huanza kutafuta tamthilia, na mara nyingi uamuzi huchukua dakika chache tu. Iringa watasema Mkwawa. Mbeya watachukua kitabu ambacho mwalimu tayari anacho kabatini. Uamuzi huu unastahili muda zaidi. Tamthilia ya ukombozi inakula miezi ya mazoezi, na hapa kwetu inagusa mababu wa watu walioketi mstari wa mbele.

Nazilinganisha nne. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kuhusu vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani, ilitoka mwaka 1969. Mukwava wa Uhehe ya M. M. Mulokozi, kuhusu Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ikafuata 1979. Mzalendo Kimathi ni tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1976 na kutafsiriwa na Raphael Kahaso. Ya nne ni Harakati za Ukombozi ya Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, ya mwaka 1982. Wote hawa waliandika wakitaka jukwaa liseme jambo kuhusu utawala wa kigeni na yaliyofuata. Lakini kazi zao hazidai nguvu sawa, wala hazitapokelewa vile vile Kalenga, Makambako na Rujewa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji ajue anasoma nini. Onyesho la siku moja Iringa, chukua Mukwava. Kikundi kitakachozunguka nyanda nzima, chukua Kinjeketile, hata kama wahusika wake ni watu wa Rufiji na Matumbi, mbali kabisa na baridi yetu.

Mkwawa akiwa nyumbani

Uzuri wa Mukwava wa Uhehe kwa mtu wa Iringa ni kwamba jukwaa lipo tayari nje ya ukumbi. Hadhira yako imepita Lugalo kwenye barabara ya Morogoro, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski lilivamiwa na Wahehe na yeye mwenyewe akauawa. Imefika Kalenga, ngome iliyoangushwa kwa mizinga mwishoni mwa Oktoba 1894. Wengi wamewahi kuletwa na shule kwenye jumba la makumbusho kuliona fuvu la Mkwawa. Wanajua kwamba Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi mwezi Julai 1898 ili asikamatwe hai, kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikitaja katika kifungu chake cha 246, na kwamba kilirudi 1954, gavana Edward Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Mwongozaji wa Iringa hana haja ya kueleza. Mwigizaji akitamka jina la Lugalo, watu wanaitikia.

Hiyo ni nguvu kubwa. Ni mtego pia. Hadhira inayojua hadithi kuliko wewe inakuja kukagua. Utasahihishwa kuhusu mkuki unavyoshikwa, kuhusu nani alisimama kushoto kwa mtwa, yaani chifu, kuhusu lafudhi ya kijana wa Songea uliyempa sehemu ya mzee wa Kihehe. Wazee wa Kalenga washirikishwe tangu usomaji wa kwanza. Kuwaalika siku ya onyesho tu ni kuchelewa, na ni kukosa adabu pia, maana habari hii ni ya ukoo wao.

Kwa upande wa sauti, Iringa ina hazina ambayo mwongozaji wa mahali pengine hawezi kuipata: ligombo. Kinanda kile cha nyuzi kilichochongwa kwenye ubao, pamoja na mwimbaji wake mmoja, kinaweza kubeba sehemu zote za vita ambazo ukijaribu kuzionyesha kwa vijana wachache wenye mikuki ya mianzi zitaleta kicheko. Weka mpiga ligombo pembeni, mwangaza umwangukie yeye, mapigano yasikike nyuma ya pazia. Lugalo ya kusimuliwa ina nguvu kuliko Lugalo ya kukimbizana jukwaani. Mpiga ligombo mzuri hapatikani kila kijiji, kwa hiyo mtafute kabla hujatangaza tarehe.

Sasa toka na onyesho hilo nje ya Uhehe. Huko ndiko ulinganisho unapobadilika.

Mkwawa alipigana na Wajerumani, lakini kabla ya hapo yeye na baba yake, Munyigumba, walijenga dola kwa kupiga majirani. Wasangu walisukumwa kutoka kwenye nchi yao, na ndiyo sababu Merere wa Usangu alikaa upande wa Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Hivyo shujaa yule yule anayeshangiliwa Kalenga, ukimfikisha Rujewa au Utengule, unampeleka mbele ya watu ambao mababu zao walimkimbia. Ubena nako kuna kumbukumbu zake. Sisemi usimpeleke. Nasema huwezi kumpeleka kwa namna ile ile, ukiwa na ngoma za ushindi na kijana mrefu mwenye kifua wazi, ukategemea kila mtu aone babu yake pale. Ukitaka kuzunguka na tamthilia hii, ongeza mazungumzo baada ya onyesho, na mpe mzee wa Kisangu nafasi ya kwanza ya kusema.

Kinjeketile na watu wasioaminiana

Tamthilia ya Hussein inaanza bila shujaa. Wanawake wanazungumza nyumbani: chakula hakuna, wanaume wako kwenye shamba la Mjerumani, pamba inalimwa na tumbo halijai. Hakuna ngoma wala tamko. Kwa mwongozaji ni zawadi, maana mabinti wawili wenye sauti nzuri na sinia tupu wanaweza kuishika hadhira ya Mafinga ndani ya dakika tano, na kila mama aliyepo atawaelewa.

Kisha wanaume wanakutana, na hapo ndipo napenda kitabu hiki kuliko vyote vitatu vingine. Mmatumbi hamwamini Mngindo, Mngindo hamwamini Mkichi. Wote wanateswa na mtu mmoja, na bado kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Vita haiwezi kuanza kwa sababu hakuna neno moja la kuwaunganisha. Neno hilo linakuja na Kinjeketile: anavutwa na pepo hadi majini, watu wanamngoja ukingoni kwa hofu, anaibuka na maji ya kugeuza risasi. Umoja unapatikana. Lakini katika ule ule unabii ametamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, na akizinduka anaanza kujiuliza ni nani hasa aliyesema kwa kinywa chake. Je, wanamfukuza bwana mmoja ili wamkaribishe mwingine? Anawaambia wasubiri. Hawasubiri. Neno limekwisha kumtoka, halimtii tena.

Tamthilia iliyochapishwa miaka minane tu baada ya bendera ya Tanganyika kupandishwa tarehe 9 Desemba 1961, ikiwauliza watu kama wanajua wameungana kwa ajili ya nini, haikuwa kazi ya kupamba sherehe. Hussein mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule mtu wa historia, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905. Uhuru huo wa mwandishi unakusaidia na wewe. Hakuna mzee atakayekuambia kwamba ukoo wake haukusema hivyo.

Mtu wa Mbeya anaweza kuuliza: Majimaji inatuhusu nini sisi? Inatuhusu sana, na inatuhusu kwa namna inayouma. Moto ule ulifika Ungoni, na tarehe 27 Februari 1906 mashujaa walinyongwa Songea, siku ambayo mji ule unaikumbuka hadi leo. Ulifika Ubena: Septemba 1905 wapiganaji wa chifu Mbeyela walishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Wapangwa waliingia pia. Lakini Uhehe, miaka saba tu baada ya Mlambalasi, haukuingia. Wapiganaji wa Kihehe walitoka Iringa pamoja na Kapteni Nigmann kwenda kuwaokoa Wajerumani waliozingirwa Mahenge. Nyanda zetu zilikuwa pande zote mbili. Kisha ikaja njaa, kwa sababu serikali ya gavana von Götzen ilichoma mashamba na maghala, na makadirio ya waliokufa katika nchi nzima yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa.

Ndiyo maana nasema tamthilia ya watu wa Rufiji inaweza kutuzungumzia sisi vizuri kuliko ile ya kwetu. Hakuna kabila la nyanda hizi linaloweza kukaa kwenye kiti likasema hii ni hadithi ya ushindi wangu, na hakuna linaloweza kusema haimo. Mbena anajua babu yake alikunywa maji. Mhehe anajua, au atauliza akifika nyumbani, kwa nini wa kwake hakunywa. Kwa umati wa mchanganyiko kama wa Makambako, palipo na njia panda ya Njombe, Iringa na Mbeya, sijui tamthilia nyingine inayofungua mdomo wa kila mtu kwa haki sawa.

Kuhusu onyesho la maji, naeleza kwa kina kwa sababu vikundi vingi hulikosea. Watu hununua kitambaa cha bluu cha nailoni, kinang'aa, na kila mtu anakiona ni kitambaa. Tumia kaniki. Kaniki mbili ndefu, zishikwe chini kabisa na waigizaji wanne waliopiga magoti, zitikiswe taratibu kutoka pembeni kwenda katikati. Kinjeketile aingie kwa kutambaa kati ya hizo kaniki mbili, zimfunike. Kisha kaniki zitulie. Wanaomngoja wakae kimya muda mrefu kuliko mwongozaji anavyoweza kuvumilia, mtu mmoja aanze kunong'ona kwamba amekufa. Hapo ndipo kaniki itikisike tena upande mwingine. Vazi la waigizaji nalo liwe kaniki ile ile, ili maji na watu waonekane wa kitu kimoja.

Kasoro zake nazo nizitaje. Wanawake wanaofungua tamthilia kwa uzito ule wanarudi nyuma vita ikianza, na shule ya wasichana itapata shida ya sehemu. Nimeona wasichana wakiigiza wapiganaji na wakaigiza vizuri, kwa hiyo shida hiyo ina njia. Shida kubwa zaidi ni kwamba Kinjeketile anahitaji mwigizaji mmoja mwenye uwezo wa kweli. Mkwawa unaweza kumbeba kwa umbo na sauti, akasaidiwa na ligombo. Mtu anayeogopa neno lake mwenyewe habebwi na umbo.

Kimathi, kwa kundi lenye wasichana hodari

Mzalendo Kimathi nitaipitia kwa haraka zaidi, ingawa ni kazi ninayoiheshimu. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau nchini Kenya, alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Waandishi wanamweka mahakamani na gerezani, na wanamletea wajaribu mmoja baada ya mwingine: Shaw Henderson, wenye mabenki, mfanyabiashara, mwanasiasa, kasisi, na mwisho mateso. Pembeni yake kuna Mwanamke, Mvulana na Msichana, na bunduki iliyofichwa ndani ya mkate. Huyo Mwanamke ni sehemu bora kabisa ya kike katika tamthilia zote nne. Kama una msichana mwenye uwezo na huna mvulana wa kumfikia, uamuzi wako umekwisha.

Habari za Mau Mau hazitakuwa ngeni Mufindi au Rungwe, kwenye mashamba makubwa ya chai, wala kwa wazee wa Iringa wanaowakumbuka walowezi wa tumbaku. Ardhi inaeleweka kila mahali. Tamthilia hii pia ina sifa ya kuamsha watu: ilipoonyeshwa katika ukumbi wa taifa Nairobi mwaka 1976, ikiwa imepewa siku chache tu, watazamaji waliungana na waigizaji kuimba hadi nje barabarani.

Lakini pima mambo mawili. Kwanza, kumbi nyingi tunazotumia huku ni za parokia na sharika, na kasisi anayemshawishi mfungwa akubali kushindwa ni jambo la kuzungumza na wenye ukumbi mapema, kwa uwazi, wakipewa maandishi wasome. Pili, hii ni tafsiri. Soma kurasa kumi kwa sauti na vijana wako kabla ya kuamua, maana hotuba ndefu za Kimathi zinadai pumzi, na kijana anayekariri bila kuelewa atasikika kama anahutubia mkutano. Bunduki iwe ya mbao, na kituo cha polisi kipewe taarifa.

Harakati za Ukombozi

Hii ndiyo pekee kati ya nne inayofika kwenye Uhuru wa Tanganyika wenyewe na kuendelea mbele, hadi Azimio la Arusha na maswali yaliyobaki baada yake. Haina shujaa mmoja. Kundi zima ndilo mhusika, kwa nyimbo, ngoma na usimulizi. Kwa chuo chenye vijana wengi na wacheza ngoma wa makabila tofauti, hakuna inayoipita. Weka lizombe ya Wangoni, ing'oma ya Wanyakyusa na ngoma ya Kihehe katika onyesho moja, na kila mkoa utajiona.

Iringa ina sababu yake ya kuitazama kwa makini. Siku ya Krismasi 1971, Isimani, mkuu wa mkoa Dk. Wilbert Kleruu alipigwa risasi na mkulima katika mvutano wa ujamaa na mashamba. Mwongozaji wa huku akifika sehemu za baada ya Azimio, hadhira itafikiria Isimani hata kama hakuna anayeitaja. Usiiongeze kwenye maandishi. Iache ifikiriwe, familia za pande zote bado zipo.

Udhaifu wake ni kwamba kundi likiwa dogo au halijui kuimba, inageuka gwaride la matukio ya kihistoria. Kikundi cha watu wanane wasiijaribu.

Kabla ya kuanza

Upatikanaji wa vitabu unaweza kukuamulia. Kinjeketile imesomwa sana mashuleni na ndiyo rahisi kuipata. Nyingine tatu uliza kwanza maktaba za vyuo, Mkwawa au Chuo Kikuu cha Iringa, kabla ya kutembea madukani. Kuwa na nakala si ruhusa ya kuonyesha. Waandikie wachapishaji, pitia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ofisi ya utamaduni ya halmashauri ijue tarehe na mahali. Barua hizi zinachukua muda kuliko watu wanavyotegemea, na kazi ya mwandishi ni jasho lake, si mali ya yeyote aliyenunua kitabu.

Tarehe nayo. Desemba 9 inakuta shule zimefungwa na mvua zimeanza. Mvua ya Tukuyu kwenye bati la ukumbi itafunika kila mwigizaji, hata mwenye sauti ya radi. Siku ya Mashujaa, Julai 25, ni kavu, lakini onyesho la usiku nje kwa baridi ya Makete au Mafinga litakuachia viti vitupu baada ya nusu saa, kwa hiyo fanya mchana. Kwa shule napendekeza Oktoba 14, Siku ya Nyerere: hewa ni kavu, wanafunzi wapo, ila kidato cha nne waachwe wajiandae na mtihani.

Ukichukua Kinjeketile na muda ukakubana, kata matukio ya vita, punguza askari, unganisha wahusika wadogo. Usikate gereza. Pale Kitunda, mwenzake wa vita, anamwomba Kinjeketile akubali kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anajua Wajerumani watawaambia wajukuu kwamba babu zao walikosea kupigana. Kila nilichosema kuhusu Njombe, Mahenge na Songea kinafika hapo. Wagawie waigizaji hao wawili sehemu zao kabla ya wengine wote, na waanze mazoezi ya ukurasa huo wiki ya kwanza.